Kufunga mwamba wa pweza bila kujitafutia jina: maelekezo kwa mwenyekiti wa kamati

Kufunga mwamba, yaani kuacha kuvua pweza kwenye sehemu ya mwamba kwa miezi miwili au mitatu ili wakue, kuna siku mbili za shangwe, ya kufunga na ya kufungua. Siku hizo wageni huja kwa magari, pilau hupikwa, ngoma hupigwa, na mwenyekiti wa kamati ya wavuvi ya shehia hupewa kipaza sauti. Baina yake zipo siku tisini hivi ambazo hakuna anayepiga picha. Kazi imo humo.

Pweza wa mwambani haishi sana, mwaka mmoja na miezi michache basi. Akiwa mdogo hukua kwa pupa. Ndani ya mwezi uzito wake unaweza kukaribia kurudufu. Jike hutaga mara moja tu, hukaa pangoni akilinda mayai bila ya kula, na yakishaanguliwa naye hufa. Ndiyo maana miezi miwili au mitatu ya kuuacha mwamba huonekana kwenye mizani. Mpango huu ulipata sifa tangu 2004 katika kijiji cha Andavadoaka, Bukini (Madagaska), na leo Kisiwa Panza kwetu Pemba na Kizimkazi kule Unguja wanaujua. Pweza hana tatizo. Tatizo huwa ni sisi tunaomsimamia.

Kabla ya mkutano wowote

Usianze na mkutano wa hadhara. Anza kwa kinamama wanaokwenda mwambani kwa miguu na kuchokoa pweza mapangoni kwa kijiti, kwa sababu wao ndio watakaokosa kitoweo. Mwanamme mwenye miwani na mtumbwi atahamia kwenye maji marefu; bibi mwenye kijiti chake hana pa kuhamia. Pita nyumba kumi au kumi na tano baada ya alasiri, kwa wiki mbili, ukae kwenye jamvi usikilize. Swali ni moja: "Bibi, mkiambiwa muache sehemu moja, ipi mnaweza kuiacha na chungu kikaendelea kuteleka?" Jibu litakalorudiwa ndilo eneo lenu. Lisizidi robo ya mwamba wa kijiji.

Mipaka iwe ya vitu vinavyoonekana na kila mtu: jiwe kubwa, mlango wa mkondo, mkoko uliosimama peke yake. Boya huibiwa, au husogezwa usiku. Siku ya mkutano mwache mmoja wa wale kinamama alitaje eneo kwa mdomo wake. Wewe fungua kikao, ukae kitako.

Tarehe haipangwi na mgeni rasmi

Hapa ndipo wenyeviti wengi huanguka, kwa hivyo tutakaa kidogo.

Kila mwezi wa kuandama una bamvua mbili, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, moja mwezi ukiwa mchanga na moja ukiwa mpevu. Miezi mitatu ni bamvua sita. Anza kuhesabu kutoka siku mnayotaka kufungua, urudi nyuma. Siku ya kufungua iwe mwanzo wa bamvua, siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kupevuka, kwa sababu visiwani kwetu maji ya bamvua hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na mwamba huwa wazi kwa anayekwenda kwa miguu.

Sasa tuseme siku hiyo ni Jumatano. Inakuja simu kwamba mheshimiwa ana nafasi Jumamosi. Siku tatu tu, utasema. Lakini maji kupwa huchelewa kila siku, na hadi Jumamosi yatakuwa yanapwa karibu saa sita mchana. Tena hayatapwa kama ya Jumatano, maana bamvua inakwisha na maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, yanakaribia. Kinamama watasimama maji yakiwa magotini, wazamiaji watavuna kila kitu, na mwaka ujao hakuna mwanamke atakayekubali kufunga. Mgeni ataondoka na picha zake nzuri.

Jibu la kumpa ni la adabu na fupi: "Tutafurahi sana, mheshimiwa, ila maji yanatuita Jumatano. Jumamosi karibu uyaone mahesabu." Wengine hukubali. Asiyekubali, fungueni mwamba bila yeye.

Zamu

Walinzi wawe wawili wawili, mwanamme na mwanamke kwa zamu za mchana. Zamu ngumu ni ya usiku wa bamvua, kwani maji hupwa tena mnamo saa nne usiku na watu wenye kurunzi wanalijua hilo vizuri. Mwenyekiti ashike zamu hiyo kama wenzake, kwa mpangilio ule ule, na asiitangaze. Kila zamu iandikwe: tarehe, saa ya kuingia na kutoka, chombo kilichoonekana, sahihi mbili. Ukurasa usioandikwa hesabuni kuwa mwamba haukulindwa usiku huo.

Akikamatwa mtu, usimtaje kwenye kipaza sauti cha msikiti wala kwenye kundi la simu. Mwendeeni baada ya isha, wewe na mzee mmoja anayemheshimu. Faini ni ile ile iliyoandikwa, italipwa na itaingia daftarini, lakini heshima yake mbele ya wanawe mmemwachia. Aliyeaibishwa hurudi mwambani kwa hasira. Aliyesitiriwa mara nyingi huja kuomba zamu. Akiwa ni mpwa wako, au shemeji, kiti kishikwe na makamu na wewe utoke chumbani. Kwenye vijiji vyetu sote ni jamaa, kwa hivyo jambo hili litatokea.

Pesa na mizani

Mwenyekiti hashiki mizani, hashiki pesa, wala nduguye hawi mnunuzi. Waandishi wawili waandike jina, idadi, kilo na bei. Mchango wa kamati kwa kila kilo ukubaliwe siku ya kufunga, si siku pweza wanaponing'inia. Jioni ile ile, hapo hapo dikoni samaki wanaposhushwa, hesabu isomwe kwa sauti, na nakala moja apelekewe sheha.

Siku ya kufungua

Asiingie mtu usiku wa kuamkia. Wote waanze kwa ishara moja, na waliokwenda kwa miguu watangulizwe nusu saa mbele ya wazamiaji. Pweza aliye chini ya nusu kilo aachwe. Jike aliyejifungia pangoni kwa mawe, akichokolewa hatoki, huyo yuko na mayai, mpiteni. Hotuba zije baada ya kupima, kwani pweza hangoji na barafu inayeyuka. Ukilazimika kusema, dakika mbili zinatosha: kilo zilizopimwa, waliolinda, tarehe ya kufunga tena.

Dalili kwamba sifa zimeshakuingia

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mgema mwenyewe huwa wa mwisho kujua. Angalia haya: namba ya mnunuzi unayo wewe peke yako. Kikao huahirishwa ukiwa safarini. Daftari limo kabatini kwako. Watu wameanza kusema "mwamba wa fulani" badala ya mwamba wa kijiji, na wewe hukuwasahihisha.

Kipimo kizuri ni kuondoka. Katikati ya kipindi, nenda Unguja au Tanga wiki mbili, usipige simu kuuliza zamu. Ukirudi fungua daftari. Kurasa zikiwa zimejaa, kamati ipo. Zikiwa tupu, ulikuwapo wewe tu, na unapaswa kuanza upya kugawa kazi.

Muda wako ukimalizika, makabidhiano yafanywe mchana, mbele ya kamati: madaftari ya zamu na ya mauzo, kitabu cha benki, orodha ya tarehe za bamvua za mwaka unaokuja, namba za wanunuzi wasiopungua watatu, na mizani. Mizani ijaribiwe hapo hapo kwa chupa ya maji ya lita moja na nusu ambayo haijafunguliwa. Isome kilo moja na nusu, na gramu chache tu juu yake kwa uzito wa chupa. Ikizidisha au ikipunguza zaidi ya hapo, irekebishwe kabla mwenyekiti mpya hajatia sahihi.