Kidonge cha alfajiri: kulea mimba ukiwa na tezi goigoi ya shingo

Dada mmoja muuza dagaa wa pale Mwaloni, Kirumba, alinijia na mimba ya wiki 14. Kadi yake ilikuwa imejazwa vizuri kabisa. Dawa ya tezi anameza, vidonge vya kuongeza damu anameza, hakosi hata siku moja, ila kila akipimwa damu, TSH, ile namba inayopanda homoni ya tezi ikiwa chini, inapanda. Nikamwuliza anavimeza saa ngapi.

"Vyote kwa mpigo, dada nesi. Saa kumi na moja alfajiri, na chai ya maziwa, nisije nikasahau."

Basi jibu nilikuwa nimelipata.

Mimi ni mkunga hapa Mwanza. Namwandikia mama ambaye tayari ameambiwa na daktari kwamba tezi yake ya shingo, thairoidi, haitoi homoni ya kutosha, akaandikiwa levothairoksini. Kipimo cha dawa ni kazi ya daktari wako. Mimi nashughulika na yale ya nyumbani ambayo foleni ya kliniki haiachi nafasi ya kuyazungumza.

Hatua ya 1: Ukijua tu una mimba, toa taarifa

Tezi ya mtoto huanza kufanya kazi karibu na wiki ya 12, na hata hapo inaanza kidogokidogo. Kabla ya hapo ubongo wake unajengwa kwa homoni yako wewe. Mwenye tezi nzima, mwili wake huongeza homoni wenyewe. Tezi goigoi haiwezi, kwa hiyo dawa iliyokutosha mwaka jana inaweza kupungua mwezi huu huu. Upungufu ukiachwa bila tiba unaweza kuleta mimba kutoka, presha ya ujauzito, mtoto njiti, na mtoto ambaye akili yake haikui inavyopaswa.

Wengi huja kliniki tumbo likishaonekana. Kwa ugonjwa huu, hapo umeshachelewa. Madaktari wengi humwambia mama aliye kwenye dawa kwamba kipimo cha mkojo kikionyesha mimba, aongeze vidonge viwili kwa wiki, yaani vile saba viwe tisa, halafu aende kupima damu. Mtu wa kidonge kimoja kwa siku atameza viwili, tuseme, Jumatano na Jumapili. Lakini usijipangie mwenyewe. Kama unatafuta mtoto, mwulize daktari sasa, akuandikie kwenye karatasi utafanya nini siku hiyo. Mwenye matatizo ya moyo ndiye hasa asiguse kipimo bila ruhusa.

Hatua ya 2: Tenganisha vidonge

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, tena kwa nia njema.

Levothairoksini inataka tumbo tupu na maji matupu. Ukishameza, kaa nusu saa, ikiwezekana saa nzima, ndipo unywe chai au ule. Vidonge vya kuongeza damu unavyopewa kliniki vina madini chuma, na madini chuma yakikutana na dawa ya tezi tumboni huishika isiingie kwenye damu. Kalsiamu hufanya hivyo hivyo, na baadhi ya dawa za kiungulia pia. Dawa ya tezi na hivi vingine viachane kwa saa nne.

Yule dada tulimpangia hivi. Kidonge cha tezi na chupa ya maji vinakaa kando ya kitanda. Saa kumi na moja anameza kabla hajafunga kanga. Chai anaikuta Mwaloni saa kumi na mbili na kitu. Vidonge vya damu viko kwenye pochi ya hela, na kengele yake ni adhana ya adhuhuri: akiisikia, anameza na chakula cha mchana, kwa maji, kwa sababu chai nayo huzuia madini chuma. Kalsiamu anaiweka jioni. Baada ya wiki nne TSH ilikuwa imeshuka bila kuongezewa hata robo ya kidonge.

Usiache vidonge vya damu kwa kuogopa mgongano huu. Upungufu wa damu ni hatari yake peke yake.

Na pemba, ule udongo wa kutafuna? Najua, hamu haina adabu. Lakini udongo hushika madini tumboni na unaweza kushika dawa pia. Kama kuacha kumekushinda leo, angalau usiutafune asubuhi.

Hatua ya 3: Kama asubuhi ni ya kutapika

Hamishia dawa usiku. Kula chakula cha jioni mapema, pisha saa tatu au nne, meza ukienda kulala. Inafanya kazi vilevile, mradi ushike saa moja na usirukeruke. Na kalsiamu ya jioni basi ihamie mchana, iwe mbali nayo. Mwambie daktari umebadilisha. Ukitapika mara tu baada ya kumeza, piga simu au nenda ukaulize kama urudie. Ukisahau asubuhi, meza ukikumbuka siku hiyohiyo. Dawa hii hukaa mwilini kwa siku nyingi, hivyo kukosa siku moja hakuharibu mimba. Kukosa wiki nzima ni habari nyingine.

Hatua ya 4: Pima damu, na uelewe namba

TSH ni sauti ya tezi ndogo iliyo chini ya ubongo ikiiita tezi ya shingo. Mtoto akiwa mzito wa kuitika, mama hupaza sauti. Kwa hiyo TSH ikiwa juu, homoni iko chini. Nimeona mtu akipunguza dawa kwa sababu "namba imepanda sana". Alifanya kinyume kabisa.

Wakati wa mimba walio kwenye dawa hulengwa wabaki chini ya 2.5. Pima kila wiki nne mpaka nusu ya mimba, kisha angalau mara moja karibu na wiki ya 30. Zahanati nyingi hazina kipimo hiki, kwa hiyo kama unatoka Ukerewe kwa meli, panga siku ya damu iwe siku ya kliniki. Siku hiyo toa damu kwanza, kidonge baadaye. Ukiwa unameza vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini, sema, maana vinaweza kudanganya mashine.

Hatua ya 5: Jikoni

Watu wa ziwa hujiona salama kwa kuwa tunakula samaki. Sato, sangara na dagaa wetu ni wa maji baridi, na madini joto wanayobeba ni machache kuliko ya samaki wa baharini. Tegemeo letu ni chumvi ya pakiti iliyoandikwa kuwa ina madini joto. Ifunike, isikae karibu na moshi na mvuke, uitie chakula kikikaribia kuiva.

Ugali wa udaga si haramu. Muhogo uliolowekwa na kukaushwa sawasawa hauna tatizo kubwa. Shida huja pale muhogo unapoliwa kila siku na madini joto hakuna. Changanya na dona, na mboga usikose.

Ila chumvi haiwi badala ya kidonge. Tezi iliyokatwa kwa upasuaji, au iliyoliwa na kinga ya mwili yenyewe, haifufuki kwa madini joto, na kuyameza kwa wingi kunaweza kuidhuru zaidi. Chupa za "kusafisha tezi" zinazotembezwa stendi, ziache stendi.

Hatua ya 6: Dawa isipikwe na jua

Iwe mahali penye giza, pakavu, chini ya nyuzi 25. Chini ya bati la Igoma saa nane mchana hakuna nyuzi 25. Weka kopo kavu sakafuni, kona ya chumba yenye ubaridi, kando ya mtungi lakini si ndani yake. Duka la dawa likikubadilishia kampuni, kubali kama hakuna njia, kisha mwambie daktari ili upimwe tena baada ya wiki nne hadi sita.

Hatua ya 7: Ukishajifungua

Mwambie mkunga wa leba kuhusu tezi, pia kwa ajili ya mtoto. Kwa kawaida kipimo cha dawa hurudi kile cha kabla ya mimba mara baada ya kujifungua. Daktari akuandikie mapema, maana siku ile hakuna atakayekumbuka. Kunyonyesha hakuzuiwi na dawa hii. Wiki ya sita unampeleka mtoto chanjo. Siku hiyohiyo, kabla ya kurudi nyumbani, pitia maabara nawe utoe damu ya TSH.