Kabla ya Kwenda Udzungwa

Aliyezoea kuangalia wanyama akiwa ndani ya gari ajue mapema kwamba Udzungwa hakuna mzunguko wa gari. Hifadhi hii ya Taifa nchini Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1992, ni msitu wa kutembea kwa miguu, na maandalizi yake yanaanzia miguuni.

Vaa viatu vyenye soli ya kushika, ambavyo umeshavivaa siku nyingi. Viatu vipya vitakuchubua kabla hujafika popote. Wengi hulenga maporomoko ya Sanje, yanayoshuka takriban mita 170 kwa ngazi tatu. Safari ya kwenda na kurudi hula kama saa nne, na sehemu kubwa ni kupanda. Joto la bonde la Kilombero lina unyevu mwingi, kwa hiyo anza asubuhi na beba maji zaidi ya unavyodhani utayahitaji. Wiki chache kabla, zoea kutembea mwendo mrefu wenye vilima. Hili watu hulipuuza, nalo ndilo linaloamua kama utafurahia au utahesabu hatua tu. Chukua na nguo ya kuogelea, maana chini ya maporomoko kuna madimbwi ya maji baridi.

Suruali ndefu na soksi za kuchomekea zitakukinga na siafu. Koti jepesi la mvua libebe hata kiangazi. Masika, Machi hadi Mei, njia huteleza vibaya. Mimi ningechagua Juni, wakati njia zimeanza kukauka na maji bado ni mengi.

Malango ya TANAPA, shirika linalosimamia hifadhi za taifa, hayapokei fedha taslimu, hivyo jipange kulipa kwa kadi au simu. Raia wa Afrika Mashariki abebe kitambulisho, kwani kiingilio chake ni nafuu.

Tembea na mwongozaji, na umsikilize. Msituni kuna tembo na nyati, ingawa wageni wengi huwaona nyani na mbega kuliko hao. Ukitaka kumwona mangabe wa Sanje, aina ya kima ambaye duniani kote anaishi katika milima hii tu, mwambie mwongozaji kabla hamjaondoka, kisha punguza sauti.

Malaria ipo bondeni. Anza dawa za kinga mapema kwa ushauri wa daktari, lala ndani ya chandarua, na ukipata homa hata wiki kadhaa baada ya kurudi, kapime siku hiyohiyo.