Kupima Upepo wa Kigoma Kabla ya Kusimamisha Mtambo

Mkazi wa Kigoma anayetaka kuzalisha umeme wa upepo aanze na kipimaupepo kabla ya kununua mtambo, kwa sababu kasi ya upepo ikiongezeka mara 2, nguvu yake huongezeka mara 8, na mtambo mdogo kwa kawaida hauzalishi umeme kasi isipofikia takriban mita 3 kwa sekunde.

Funga kipimo hicho juu ya mlingoti uliozidi miti na mapaa ya jirani, uandike kasi asubuhi, mchana na jioni kwa mwaka mzima. Ni kazi ndefu, lakini kiangazi, upepo wa kusini-mashariki unapovuma Ziwa Tanganyika, hakifanani na msimu wa mvua, ambao upepo wake huja ghafla pamoja na radi.

Dhoruba hizo ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi. Mlingoti wa mtambo ushikiliwe na nyaya za chuma zilizofungwa kwenye nanga za zege, nami napendelea wenye bawaba chini, unaoweza kulazwa. Usiufunge kamwe kwenye kenchi za nyumba, kwani mtetemo hulegeza misumari ya bati, na upepo mkali hupenya palipoinuka ukaezua paa. Kagua pembe za bati: kidole kikipita chini yake, au mpira wa msumari ukiwa umepasuka, mwite fundi siku hiyohiyo. Wingu jeusi likitanda ziwani, funga breki mapema, mapanga yakiwa bado yanazunguka polepole, kisha ukae mbali na mlingoti.