Kuchuja barua taka kwenye Gmail bila kupoteza barua ya maana

Juma lililopita nilikaa na mama mdogo, mwalimu mstaafu, tukasafisha barua pepe yake. Gigabaiti 15 za bure, ambazo Gmail, Drive na picha hugawana, zilikuwa zimejaa, na barua mpya hazikuwa zinaingia tena. Naandika tulivyofanya, kwa kuwa najua wako wengi walio kama yeye.

1. Tenganisha taka na matangazo

Duka ulilowahi kununua kitu na kuwaachia anwani yako si mtuma taka. Huyo jiondoe kwenye orodha yake. Tangu mwaka 2024, Google inawataka wanaotuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda Gmail waweke kwenye matangazo yao njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja, kwa hiyo kitufe utakiona juu, karibu na jina la mtumaji. Lakini barua ya mtu usiyemjua kabisa, usibofye chochote ndani yake, hata palipoandikwa "jiondoe". Ukibofya, unamthibitishia kwamba anwani hii ina mwenyewe. Iripoti kuwa taka. Kuifuta tu hakuufundishi mfumo kitu.

2. Kaa kwenye kompyuta

Programu ya Gmail ya simu haina mahali pa kutengeneza vichujio, yaani masharti yanayoiambia Gmail ifanye nini na barua za aina fulani zinapoingia. Kama huna kompyuta, fungua Gmail kwenye kivinjari cha simu na uchague kuona tovuti kama ya kompyuta. Inawezekana, ila ni kazi ya subira.

3. Tengeneza kichujio

Bofya alama iliyo mwisho wa kisanduku cha kutafutia, jaza masharti, halafu chagua kutengeneza kichujio. Hapa ndipo nilipowahi kupoteza siku nzima, kwa hiyo soma polepole.

Gmail hutafuta neno zima, si kipande cha neno. Kiswahili chetu hubeba mengi ndani ya neno moja, na kwa Gmail "umeshinda", "mmeshinda" na "umejishindia" ni maneno matatu yasiyojuana. Ukiandika "shinda" hutapata hata moja kati ya hayo. Inabidi uyaorodheshe yote na kuweka OR katikati, kwa herufi kubwa: umeshinda OR mmeshinda OR umejishindia. Maneno yanayokwenda pamoja yafungie kwenye alama za kunukuu: "bahati nasibu".

Mwaka jana nilimwekea binamu yangu kichujio. Nilichoka kuorodhesha, nikaona barua zote za ushindi wa uongo zinaanza na "hongera". Nikaliweka neno hilo peke yake, nikachagua kufuta. Baada ya wiki tatu chuo alichoomba kikamwandikia: "Hongera, umechaguliwa." Hakuiona. Alipopiga simu chuoni kuulizia ndipo tulipoanza kuisaka, na tuliikuta kwenye tupio siku chache kabla haijapotea, maana tupio hujifuta baada ya siku 30.

Tangu siku hiyo sichagui kufuta, kwa mtu yeyote. Chagua barua iruke kikasha (inbox) na ipewe lebo. Mimi huiita "Mashaka". Kikasha kitakuwa safi vilevile, na ukikosea, barua ipo. Kabla ya kuhifadhi, bofya kwanza kutafuta ili uone kichujio kingekamata barua zipi kati ya zile ulizonazo. Zisome mpaka ukurasa wa pili. Ukikuta hata moja njema, ongeza sharti, au mtoe mtumaji huyo kwa alama ya kutoa, mfano -from: ikifuatiwa na anwani yake.

4. Walinde unaowahitaji

Benki, mwajiri, shule ya mtoto: watengenezee kichujio cha anwani ya mtumaji, uchague isipelekwe kwenye taka kamwe. Andika anwani kamili. Usiweke @gmail.com nzima, maana utawafungulia mlango matapeli wote wenye akaunti huko. Barua ikidai imetoka benki na moyo wako unasita, bofya nukta tatu, fungua barua asilia, utazame SPF, DKIM na DMARC, vipimo vitatu vya kuhakiki kama barua imetoka kweli kwa anayetajwa. Ukiona FAIL, usijibu. Ipigie benki kwa namba iliyo nyuma ya kadi yako.

5. Anwani yenye alama ya kujumlisha

Ukijisajili dukani andika jinalako+duka@gmail.com. Barua zitakufikia kama kawaida, na taka zikianza kuja kwa anwani hiyo utajua nani kaitoa. Baadhi ya tovuti huikataa.

6. Pitia folda ya taka

Nayo hujifuta baada ya siku 30. Mama mdogo amechagua Ijumaa jioni. Ijumaa ya kwanza alikuta humo barua ya mwanafunzi wake wa zamani, akaitia alama kwamba si taka, akakaa kumjibu.