Jinsi ya kuivunja 4294967297 kuwa vigawo kwa kalamu na karatasi tu

Wakuu, namba hii ukiiangalia juu juu utasema ni tasa (haigawanyiki ila kwa 1 na yenyewe), na hata mwanahisabati Pierre de Fermat mwenyewe huko Ufaransa mwaka 1640 aliamini hivyo, maana 2 kipeo 1 ukijumlisha 1 unapata 3, kipeo 2 unapata 5, kipeo 4 ni 17, kipeo 8 ni 257, kipeo 16 ni 65537, zote tasa, akaona ya kipeo 32, ndiyo hii yetu, nayo itafuata mkondo. Mwaka 1732 mwanahisabati mwingine, Euler, akaonyesha sio.

Ukienda kichwa kichwa itabidi ujaribu kila namba tasa mpaka kwenye kipeuo chake cha pili, ambacho ni 65536 na ushee, huko kuna tasa 6542, utakesha. Mkato ni huu: Euler aligundua kigawo tasa chochote cha namba hii ukikigawanya kwa 64 lazima kibakishe 1, na Édouard Lucas mwaka 1878 akakaza zaidi, hata kwa 128 kinabakisha 1. Basi anza na 129 halafu uwe unaongeza 128: 129, 257, 385, 513, 641. Ya 129 na 513 zinagawanyika kwa 3, 385 kwa 5, tupa kule. 257 nayo haichukui muda, 2 kipeo 8 ni 256 yani imepungua 1 tu kufika 257, kwahiyo kipeo 16 kinabakisha 1, kipeo 32 pia 1, ongeza ile 1 ya mwisho baki ni 2, haigawi.

Sasa 641, hapa ndo patamu. Usihangaike na namba ndefu, we beba baki tu. 2 kipeo 16 ni 65536, humo 641 inaingia mara 102 na baki ni 154. Kipeo 32 ni hiyo hiyo kuzidisha yenyewe, so chukua 154 mara 154 upate 23716. Halafu piga 641 mara 37, inakuja 23717. Umeona? Imepungua 1, na ile 1 tunayojumlisha mwishoni inaziba pengo lote, baki sifuri! Mi naona hii ni moja ya hesabu tamu kabisa kuzifanya kwa mkono.

Ukigawanya sasa 4294967297 kwa 641 unapata 6700417, lakini usiiite tasa kabla hujaikagua. Kigawo chake ni kigawo cha ile kubwa pia, kwahiyo sheria ya 128 bado inashika, na kipeuo chake ni 2588 na kidogo, so kwenye orodha yetu tasa za kujaribu ni 257, 641, 769, 1153 na 1409 basi. 257 tushaikataa, 641 inabakisha 44, 769 inabakisha 120, 1153 inabakisha 334, 1409 inabakisha 622. Hakuna inayogawa, kwahiyo ni tasa kweli, na 4294967297 ina vigawo vinne tu: 1, 641, 6700417 na yenyewe.

Ukishaiva jaribu 2 kipeo 64 jumlisha 1, huko unaruka kwa 256 badala ya 128, na uwe na daftari la kutosha maana kigawo cha kwanza ni 274177, kipo kwenye hatua ya 1071.