Pima pH ya bafa ya Tris kwenye joto la kolamu

Mavuno ya protini kwenye kolamu ya kubadilishana ioni (mrija wa kusafishia protini) yakipanda na kushuka bila sababu, anza na bafa, yaani mmumunyo unaodhibiti pH, kabla hujalaumu resini, zile punje zenye chaji zinazoshika protini. pH ya Tris, kemikali ya kutengenezea bafa, hushuka takriban 0.03 kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi joto linapopanda. Ukiiweka 8.0 kwenye nyuzi 25, ndani ya friji ya nyuzi 4 itakuwa karibu 8.6. Hata Nairobi mwezi Julai, maabara isiyo na kipasha joto ikiwa nyuzi 17 asubuhi, utapata kama 8.2, na hiyo inaweza kutosha kuifanya protini ipite bila kushika, au ishike pamoja na uchafu.

Kwa lita 1, yeyusha Tris na chumvi yote jioni katika mililita 900 za maji, uache kwenye chumba chenye kolamu hadi asubuhi. Ndipo urekebishe pH kwa asidi ya hidrokloriki, ujaze hadi lita kamili, uchuje kwa chujio la mikromita 0.22 ukitumia pampu ya kuvuta hewa. Usipeleke bafa kutoka friji moja kwa moja hadi kolamu. Bafa baridi hubeba hewa nyingi. Ikipata joto ndani, viputo hutoka, resini hufanya nyufa, sampuli hupita njia ya mkato, na mara nyingi dawa ni kujaza resini upya kwenye kolamu.

Pakia sampuli 70–80% tu ya uwezo wa resini kushika protini, uliopimwa kwa kasi yako mwenyewe ya mtiririko, si ule wa katalogi.