Kabla ya Kupima Volti na Ampea ili Upate Omu na Wati

Hesabu yenyewe ni fupi: volti ukizigawanya kwa ampea unapata ukinzani kwa omu, ukizizidisha kwa ampea unapata nguvu kwa wati. Kazi iko kwenye namba utakazoingiza. Tuchukue balbu ya gari ya volti 12, wati 21, inayowashwa na betri.

Anza na usalama wa betri. Volti 12 hazitakupiga shoti, lakini waya ukigusanisha chanya na hasi unaweza kuwa mwekundu kwa moto papo hapo. Vua pete na saa ya chuma, kisha funga fyuzi ya ampea 5 karibu kabisa na ncha chanya ya betri.

Sasa multimita, yaani mita moja inayopima volti, ampea na omu, na hapa usiwe na haraka. Waya mweusi unakaa kwenye tundu la COM. Kupima volti, mwekundu unakaa penye alama ya V, na ncha zinagusa miguu miwili ya balbu, sambamba nayo. Kupima mkondo, yaani ampea, mwekundu unahamia tundu la 10A, na lazima ukate njia ya umeme ili mkondo wote upite ndani ya mita. Balbu hii inavuta kama ampea 1.75, ukiipitisha tundu la mA, ambalo mara nyingi lina fyuzi ya ampea 0.2, fyuzi hukatika na mita husoma 0 ingawa balbu ni nzima. Hatari zaidi ni kusahau waya kwenye 10A kisha ukaenda kupima volti za betri: hapo mita inaunganisha chanya na hasi moja kwa moja, na multimita nyingi za bei nafuu hazina fyuzi kwenye tundu hilo. Rudisha waya kila unapomaliza kupima mkondo.

Volti na ampea zipimwe balbu ikiwa inawaka, kwa wakati mmoja ikiwezekana, hivyo azima mita ya pili. Betri isiyo na mzigo, yaani isiyowasha kitu, inaweza kusoma 12.6, kumbe kwenye miguu ya balbu inayowaka zipo 12.0 tu. Kwa 12.0 na 1.75 unapata omu 6.86 na wati 21. Ukitumia 12.6 unapata omu 7.2 na wati 22, majibu ya kitu ambacho hakipo.

Usitegemee kipimo cha omu cha mita badala ya hesabu. Balbu ya nyuzi ikiwa baridi husoma chini ya omu 1, kwa kuwa ukinzani wa nyuzi hupanda sana ikipata moto. Na usipime omu kwenye kifaa chenye umeme.

Ukisoma miliampea, gawanya kwa 1000 kabla ya hesabu: 185 mA ni ampea 0.185.

Kwa pasi ya volti 230, usikate njia ya umeme. Tumia mita ya kubana (clamp meter), inayopima mkondo kwa kuuzunguka waya kwa nje, na ibane waya mmoja tu. Ukibana waya wote wa pasi, mikondo ya kwenda na kurudi inafutana na mita inasoma 0. Pasi ya wati 1000 ina omu 52.9, hivyo umeme ukishuka hadi volti 200 inatoa takriban wati 756. Friji na feni ziache nje ya njia hii: zina mota, kwa hiyo volti mara ampea hutoa namba kubwa kuliko wati halisi, na zinahitaji mita ya wati.